Bei ya Anwani

Mzazi aliyesoma Tanzania anapohamia Marekani na watoto, kuna jambo linalomchukua muda kulizoea: kule shule ya umma hufuata nyumba. Yeye alikulia katika utaratibu mwingine. Mtoto wa mkulima wa Kasulu au Sumbawanga akifanya vizuri mtihani wa darasa la saba aliweza kupangiwa Ilboru au Kibaha, akapanda basi na tranka lake, na hakuna aliyeuliza kwao wanaishi nyumba ya bei gani. Mwenye uwezo alilipa ada ya shule binafsi. Asiye na uwezo alimtegemea mtoto na mtihani wake. Ndugu nao walikuwa na nafasi yao: ukikosa shule ya karibu unapelekwa kwa shangazi mjini, unasoma, maisha yanaendelea.

Marekani mtoto husoma pale anapolala. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zipatazo 13,000, kila moja na mipaka yake, bodi yake na, katika majimbo mengi, mamlaka ya kutoza kodi ya majengo. Nyumba za thamani kubwa huzaa kodi kubwa, kodi hiyo hulipa walimu na maabara, sifa ya shule huvuta wanunuzi, na wanunuzi hupandisha tena bei ya nyumba. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, zenye vyumba sawa, zikitenganishwa na barabara ambayo ndiyo mpaka wa wilaya, haziuzwi bei moja.

Watu walijaribu kuuvunja mzunguko huo mahakamani. Mwaka 1968, huko San Antonio, Texas, fundi bati aliyeitwa Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake wa wilaya ya Edgewood walifungua kesi. Wakazi wa Edgewood walikuwa wakijitoza kodi kwa kiwango cha juu kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights. Hata hivyo, katika mwaka wa masomo wa 1967 na 1968, kodi yao ilizaa dola 26 kwa kila mwanafunzi, wakati ile ya Alamo Heights ilizaa dola 333. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba elimu si haki ya msingi inayolindwa na Katiba ya shirikisho. Rodriguez akashindwa. Texas yenyewe, baada ya kesi nyingine katika mahakama zake, ilipitisha mwaka 1993 sheria ya kuchukua sehemu ya kodi ya wilaya tajiri na kuzisaidia maskini, na tofauti ya fedha ikapungua. Lakini kufikia hapo wazazi walikuwa wameshajifunza kulipia anwani.

Kisa kinachofuata nimekisuka kwa ajili ya funzo. Sikukitoa kwa familia moja, ili asinyooshewe mtu kidole. Hesabu zilizomo ni za aina inayokutwa kila siku katika vitongoji vya kaskazini mwa Dallas, ambako Watanzania na Wakenya wengi wamefuata kazi.

Baba alisomea ualimu wa hisabati nyumbani kabla ya kuondoka. Dallas anaendesha folklifti ghalani. Anabeba boksi, kama wenyewe wanavyosema. Mama ni nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa pamoja wanapata dola 102,000 kwa mwaka kabla ya makato, na zinazoingia mkononi ni kama dola 6,900 kwa mwezi. Wanapanga nyumba ya vyumba viwili kwa dola 1,450. Kila mwezi dola 400 huenda nyumbani kwa ajili ya matibabu ya bibi na ada ya mpwa mmoja. Kinachobaki kinagawanywa kati ya gari, chakula, bima na upatu.

Wana watoto wawili. Msichana yuko darasa la tatu. Kijana, kifungua mimba, yuko darasa la tisa katika shule ambayo mamlaka ya elimu ya jimbo imeipa alama C. Katika wanafunzi 400 wa darasa lake, yeye ni wa 14. Siri yake iko mezani. Baba hutoka kazini alasiri, familia inakula saa kumi na mbili na nusu, vyombo vinaondolewa, na daftari la hisabati linafunguliwa. Baba anafundisha kama alivyofundishwa yeye: swali hilohilo mara tatu kwa njia tatu, mpaka kijana aweze kumweleza mwenzake. Mama hufanya shifti ya mchana, kwa hiyo naye yupo, anamsikiliza msichana akisoma. Hakuna aliyelipia jioni hizo, na pengine ndiyo sababu siku ya kupiga hesabu hakuna aliyeziandika.

Maneno yalianzia kwenye sherehe ya ubarikio. Shemeji yao, aliyehamia kaskazini miaka miwili nyuma, aliuliza watoto wanasoma wapi, na alipojibiwa akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba wilaya yao ina alama A, ina masomo ya ngazi ya chuo karibu 30, ina kituo cha uhandisi, na kwamba mtoto mwenye kichwa kama cha kijana wao anapotezewa muda kule aliko. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, mama alisema, “Baba watoto, tulikuja huku kwa ajili ya nini?” Swali hilo lina uzito mkubwa kwa mtu aliyevuka bahari. Wazazi wengi wahamiaji wameweka saini mikataba kwa sababu ya swali hilo tu.

Shemeji alikuwa na pendekezo jingine kwanza: waandike anwani yake. Kwa Mtanzania hilo halina hata harufu ya kosa, maana nusu yetu tulisoma kwa anwani za wajomba. Marekani jambo hilo lina jina lake katika sheria. Mwaka 2011, huko Ohio, mama mmoja mweusi wa Akron, Kelley Williams-Bolar, alitiwa hatiani kwa kughushi kumbukumbu baada ya kuwaandikisha binti zake katika wilaya ya jirani kwa anwani ya baba yake mzazi. Alilala jela siku tisa. Gavana wa jimbo, John Kasich, alimpunguzia baadaye makosa hayo kutoka jinai kubwa hadi ndogo, lakini jela alikuwa ameshaionja. Baba na mama wa kisa chetu walikataa anwani ya kuazima, na walifanya jambo la haki. Waliamua kununua anwani yao wenyewe.

Wakapokea upatu, wakavunja akiba, wakapata dola 20,000 za malipo ya awali. Dalali akawapeleka kwenye mtaa mpya, nyumba ya vyumba vinne, rangi bado inanukia, dola 410,000. Mkopo wa dola 390,000 kwa miaka 30, riba asilimia 6.5. Benki ikawapa karatasi yenye makadirio: marejesho ya mkopo dola 2,465, bima ya nyumba 300, bima ya mkopo 180 kwa sababu malipo ya awali hayakufika asilimia 20, ada ya chama cha wakazi 55, na kodi ya majengo 147. Jumla, dola 3,147 kwa mwezi. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya pango lao la zamani. Ilikuwa karibu nusu ya fedha inayoingia mkononi. Kipimo kinachotumiwa na serikali ya Marekani kinasema kaya inayotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa makazi, kabla hata ya makato, imeelemewa. Wao walikuwa wamefika asilimia 37. Benki ilikubali. Watu wengi huamini kwamba benki ikikubali maana yake uwezo upo. Benki hupima kama utalipa mkopo wake. Haipimi kama utabaki na nguvu ya kukaa na mtoto saa moja jioni.

Sasa turudi kwenye ile kodi ya dola 147, kwa sababu hapo ndipo penye shimo lenyewe. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo; shule, kaunti na miji huishi kwa kodi ya majengo, nayo ni miongoni mwa kubwa nchini. Thamani ya kutozwa hupimwa ilivyo tarehe 1 Januari. Nyumba yao ilikamilika katikati ya mwaka. Tarehe 1 Januari palikuwa na kiwanja kitupu, kwa hiyo mwaka wa kwanza walitozwa kodi ya ardhi, kama dola 1,760. Benki hukusanya kodi na bima kila mwezi na kuziweka katika akaunti maalumu, ambayo Wamarekani huiita eskro, kisha hulipa bili zinapofika. Benki yao iliwakadiria kwa kodi ya kiwanja. Mwaka uliofuata nyumba ilipimwa kama nyumba. Hata baada ya msamaha ambao jimbo humpa mtu anayeishi katika nyumba yake, bili ilifika dola 7,800, ikiwemo tozo ya wilaya ya maji ambayo mitaa mingi mipya hutozwa ili kulipia mabomba na barabara.

Barua ya benki ilisema mambo mawili. Kwanza, tangu sasa kodi itakuwa dola 650 kwa mwezi. Pili, akaunti ina pengo la zaidi ya dola 6,000 ambalo benki imeshalilipa kwa niaba yao, na watalirudisha kwa miezi 12, dola 503 kila mwezi. Malipo ya nyumba yakapanda kutoka dola 3,147 hadi 4,153. Hakukuwa na kosa la mtu yeyote katika karatasi hizo. Kila tarakimu ilikuwa halali, na mtu yeyote aliyezaliwa mtaa wa pili angeweza kuwaambia mapema. Hawakumuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa walikuwa na daftari, ila lilikuwa la mwaka mmoja tu.

Mwaka 2003 Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria Harvard, aliandika kitabu pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi kuhusu familia za kipato cha kati zinazofilisika. Walionyesha kwamba nyingi hazikuzamishwa na anasa. Zilizamishwa na nyumba iliyonunuliwa kwa kushindania shule, kwa mishahara ya watu wawili, bila kubakiza chochote cha kushika pale mshahara mmoja unapotetereka. Nakubaliana nao, na kwa mhamiaji nadhani hali ni ngumu zaidi. Mwenyeji mshahara ukiyumba hupiga simu kwa wazazi wake. Mhamiaji ndiye anayepigiwa simu.

Familia yetu ilifanya yale ambayo watu wema hufanya. Hawakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Mama alihamia shifti ya usiku, inayolipa zaidi, akaongeza wikendi mbili za ovataimu. Baba, ambaye sasa alikuwa mbali na ghala lake kwa mwendo wa dakika 50 na barabara za kulipia, alitafuta kazi ya pili ya kusambaza vifurushi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Fedha ya nyumbani ilishuka kutoka dola 400 hadi 150, kisha ikawa inatumwa pale inapopatikana. Mpwa alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada muhula mmoja. Bibi hakulalamika, na kwa mama huo ukimya ulikuwa mzito kuliko lawama.

Na meza? Meza ilikuwa mpya, ya watu wanane. Kijana alikula peke yake, mara nyingi amesimama.

Shule yenyewe ilikuwa nzuri kweli. Nisiifiche sifa hiyo. Walimu walijua kazi yao, maabara zilikuwa na vifaa, maktaba ilifunguliwa mapema. Lakini kijana aliingia darasa la kumi akikutana na wenzake 700 ambao wengi wao walianza masomo ya juu tangu darasa la saba, wakiwa na walimu wa ziada wa kulipwa nyumbani, na wazazi wahandisi na madaktari wanaokaa nao jioni. Masomo ya ngazi ya juu hupewa uzito zaidi katika wastani wa alama, kwa hiyo waliotangulia walikuwa na akiba ambayo mgeni hawezi kuifikia kwa mwaka mmoja. Kijana alijitahidi. Mwisho wa darasa la kumi na moja alikuwa wa 120. Ni asilimia 17 ya juu, katika darasa la watoto hodari. Mzazi yeyote angejivunia.

Tatizo ni kwamba Texas ina sheria yake. Mwaka 1997, baada ya mahakama kuzuia vyuo vya jimbo kuzingatia rangi ya mwombaji, bunge lilipitisha sheria kwamba mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, katika shule yoyote ya umma ya jimbo, apokelewe moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma. Iwe shule ya matajiri, ya wafugaji wa mpakani au ya katikati ya jiji, hesabu ni moja. Chuo Kikuu cha Texas cha Austin, kinachogombaniwa kuliko vyote, kiliruhusiwa mwaka 2009 kubana zaidi. Kwa miaka kadhaa kizingiti chake kilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia vuli ya 2026 kikashushwa hadi 5. Kijana alipokuwa wa 14 kati ya 400 alikuwa katika asilimia 4 ya juu. Kama angebaki pale na kuendelea vilevile, mlango wa Austin ungekuwa wake kwa mujibu wa sheria. Alipokuwa wa 120 kati ya 700, barua ya chuo ilimshukuru kwa kuomba.

Wenyeji wanalijua hili. Wachumi Julie Berry Cullen, Mark Long na Randall Reback walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu sheria hiyo, wakaonyesha kwamba baadhi ya familia za Texas zilichagua kwa makusudi shule zenye ushindani mdogo ili watoto wao waingie katika asilimia ile. Kulikuwa na watu wakielekea kule ambako familia yetu ilikuwa inatoka.

Sisemi kwamba mahali hapana maana. Pana maana kubwa, na kuna ushahidi. Kati ya 1994 na 1998 serikali ya Marekani ilifanya jaribio katika miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York: familia za nyumba za serikali katika mitaa ya umaskini mkubwa zilipewa kwa bahati nasibu vocha za kupanga katika mitaa yenye umaskini mdogo. Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walipowafuatilia watoto hao ukubwani waligundua kwamba waliohama wakiwa na umri chini ya miaka 13 walipata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao wasiopata vocha, katika miaka yao ya ishirini na kitu. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo, na baadhi hali yao ilikuwa mbaya kidogo.

Utafiti huu husomwa nusu. Watu hushika ile asilimia 31 na kukimbilia kwa dalali. Mambo mawili huachwa. La kwanza ni umri: kijana wa miaka 15 anayeng’olewa katikati ya sekondari hupoteza marafiki, walimu wanaomjua na nafasi aliyoijenga. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni kwamba familia zile hazikulipia kuhama kwa jasho la ziada. Vocha ilibeba sehemu kubwa ya pango. Mama hakuongeza shifti ili akae mtaa ule. Alikaa mtaa ule na jioni zake bado ni zake. Huwezi kuchukua matokeo ya mtu aliyehama bila kuelemewa ukayategemea wewe unayehama kwa kuelemewa.

Hata alama za shule zenyewe zinahitaji jicho la pili. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman, katika ripoti kubwa iliyoagizwa na serikali, alikuta kwamba hali ya nyumbani kwa mtoto inaeleza matokeo yake kuliko tofauti za vifaa vya shule. Ripoti hiyo imebishaniwa miaka mingi, na fedha za shule zina kazi yake, lakini kiini chake hakijaondoka. Sean Reardon wa Stanford, akitumia mamilioni ya matokeo ya mitihani, alionyesha mwaka 2017 kwamba wastani wa alama za wilaya hufuata kwa karibu utajiri wa wakazi wake, lakini kiasi ambacho watoto husonga mbele kila mwaka hakifuati utajiri huo kwa karibu hivyo. Wanafunzi wa shule za umma za Chicago, mji unaotajwa vibaya kila siku, kati ya darasa la tatu na la nane walipiga hatua za miaka sita ndani ya miaka mitano. Mnunuzi anayetazama alama A anatazama zaidi wazazi wa watoto wale. Texas hupima pia maendeleo ya mwanafunzi mwaka hadi mwaka, na kipimo hicho kimo katika ripoti ileile ya kila shule. Ile shule ya alama C ilikuwa inafanya vizuri upande huo. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili.

Kwa hiyo nikiulizwa familia hii ilikosea wapi, sitataja kodi, ingawa kodi ndiyo iliyowaumiza. Shule za alama A zimejaa watoto ambao nyumbani kuna mtu mzima mwenye elimu, aliyetulia, mwenye muda. Kijana yule alikuwa nacho kitu hicho tayari, katika nyumba ya kupanga ya dola 1,450, wilaya ya alama C. Wazazi wake walikitoa ili wanunue nafasi ya kukaa karibu na watu walio nacho.

Kijana alipomaliza darasa la kumi na mbili waliuza. Bei ilikuwa ileile ya dola 410,000, kwa sababu mtaa ulikuwa bado unajengwa na mnunuzi angeweza kupata nyumba mpya hatua chache mbele. Madalali walichukua dola 24,600. Katika miaka mitatu ya kulipa dola 2,465 kila mwezi, deni lilikuwa limeshuka kwa kama dola 14,000 tu, kwani mwanzoni mwa mkopo wa miaka 30 karibu yote ni riba; katika malipo ya mwezi wa kwanza, dola 2,112 zilikuwa riba. Baada ya ada za uhamisho walibaki na kama dola 5,000. Kijana alianza chuo kikuu kingine cha umma, anasomea uhandisi, anaendelea vizuri. Sina wasiwasi naye. Walioumia zaidi ni wakubwa: mgongo wa mama, ndoa iliyokuwa ikikutana mlangoni mmoja akitoka na mwingine akiingia, na mpwa aliyechelewa mwaka.

Kulikuwa na msichana pia, na kwake hesabu ni tofauti. Aliingia shule ile akiwa mdogo, darasa la nne, akashika mizizi. Hawakutaka kumng’oa, na hapo ndipo walipotambua jambo ambalo dalali hakuwa na sababu ya kuwatajia: ndani ya wilaya hiyohiyo, kilomita tatu kutoka nyumba yao, kulikuwa na nyumba za kupanga. Vyumba viwili, dola 1,900. Mtoto wa mpangaji huingia darasa lilelile, kwa mwalimu yuleyule, kwa haki ileile. Jengo hilo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Walipita mbele yake kila wiki, lakini hawakulitazama, kwa kuwa nyumba ya kupanga haikuonekana kama jibu la lile swali la kwenye gari. Sasa wanaishi humo. Baba ameacha vifurushi. Fedha ya bibi imerudi kwenye dola 400.

Wewe unayepiga hesabu hizi mwaka huu, iwe Texas, Maryland au Minnesota, fanya mambo machache kabla ya kumpigia dalali. Nenda kwenye shule anayosoma mtoto wako sasa, umwone mshauri wa wanafunzi, umuulize masomo ya juu yaliyopo na nani anastahili kuyachukua. Mara nyingi yapo na wahamiaji hawajaambiwa. Tazama kipimo cha maendeleo, usiishie kwenye herufi. Zingatia umri wa mtoto unayehama kwa ajili yake. Ukiamua kuhama, ulizia pango ndani ya mipaka ya wilaya kabla ya kuulizia nyumba ya kununua. Andika katika hesabu saa ambazo wewe na mwenzako mtakuwa nyumbani baada ya malipo mapya, kwa majina ya siku, Jumatatu hadi Jumapili, na kama karatasi ikitoka na jioni tupu, usitie saini.

Na ukinunua Texas, omba msamaha wa makazi mara unapohamia, na kama thamani imekadiriwa juu, weka pingamizi kabla ya tarehe 15 Mei. Thamani ya kila nyumba iko wazi kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti, bila malipo. Tafuta ya jirani ambaye nyumba yake ina miaka miwili tangu ikamilike, uulizie na kodi aliyotozwa. Kodi yako itakaribia hiyo.